Kipande cha Shemeji

Aoko alimkataa Odoyo akiwa mzima mzima, kwa hiyo hakutegemea kwamba siku moja atakabidhiwa kipande chake ndani ya kichupa na kuambiwa akibebe kwa uangalifu.

Kumkataa kwenyewe kulikuwa hivi. Mume wake Oyoo alipofariki, wazee wa ukoo kule Rorya walisema mjane asibaki bila mtu, na mtu mwenyewe awe Odoyo, mdogo wake marehemu. Mchungaji alishayakataza mambo hayo kanisani. Wazee walimsikiliza, wakamshukuru, wakaendelea. Jioni moja Odoyo akaja na koti lake mkononi. Kwa desturi ya kwao, koti la mwanamume likishatundikwa katika nyumba ya mjane, habari imekwisha. Odoyo, mwenye mke wake Ajwang na watoto wake, alisimama mlangoni na uso wa mtu aliyetumwa dukani kununua kitu asichokijua jina. Aoko alilipokea koti kwa mikono miwili. Alilifua, akalipiga pasi, na asubuhi akampelekea Ajwang likiwa limekunjwa vizuri, akasema lilikuwa limechafuka kidogo kolani lakini sasa linavalika. Mwezi uleule akahamia Mwanza kuuza samaki.

Pale soko la Mirongo meza yake haikuwa kubwa, lakini ilisikika. Mteja akiminya tumbo la sato kwa mashaka, Aoko alimuuliza kama na mume alimchagua kwa njia hiyo. Akimkuta mwanamume anasita kati ya samaki wawili, alimshauri achukue wote, maana mwenye kusitasita hivyo nyumbani hana sauti na hawezi kugombezwa zaidi ya anavyogombezwa. Watu walitukanwa na wakarudi kesho yake. Jioni alipanda kwake Mkolani, akaoga harufu ya samaki kwa ndimu, akalala kitandani peke yake, amejitandaza katikati.

Kila baada ya majuma machache alikwenda Rorya kuchukua mzigo wa samaki, na kila alipokwenda alifikia kwa Odoyo na Ajwang. Mwanamume aliyekataliwa ndiye aliyekuja kuwa mtani wake mkubwa. Odoyo alimwita mkimbizi. Yeye alimwita Koti. Ajwang aliwacheka wote wawili.

Halafu macho ya Odoyo yakageuka manjano.

Aoko alimwona mara ya kwanza akiwa ameegemea ukuta, anajikuna mikono, na mkojo wake, kwa maneno ya Ajwang, ulikuwa kama chai iliyosahauliwa jikoni. Aoko alimwambia amekuwa papai, na kwamba akiendelea hivyo ndege watamdonoa. Alisema hivyo akicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akamwambia Ajwang wampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali ya huko kwao walidhani ni mawe ya nyongo. Walipompasua hawakukuta jiwe. Walikuta uvimbe mdogo, mgumu, umekaa kwenye mfereji unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini. Wakaifungulia nyongo njia ya pembeni ili manjano yapungue, wakakata kipande kidogo cha uvimbe, wakakitia kwenye kichupa chenye dawa. Kipande hicho kilitakiwa kifike Mwanza, kwenye hospitali kubwa yenye wataalamu wa kusoma vitu vya namna hiyo, na kwa kawaida mwenye kukifikisha ni ndugu wa mgonjwa. Aoko ndiye aliyekuwa anarudi Mwanza.

Odoyo alipozinduka, akapapasa tumbo lake, akagusa mshono. Asubuhi, mbele ya Ajwang na wazee wawili wa ukoo waliokuja kumjulia hali, alitamka kwamba kisu kimeingia mwilini mwake mara moja na hakitaingia tena. Jambo hilo lilimtisha kila mtu aliyekuwepo, kwa sababu Odoyo aliwahi kutamka mbele ya wazee kwamba hatapanda tena pikipiki, na tangu wakati huo alikwenda kila mahali kwa miguu, hata msibani, hata kwenye mvua, huku pikipiki zikimpita.

Muuguzi alimkabidhi Aoko kichupa akamwonya kwamba kipande ni hicho kimoja. Kikiharibika, mgonjwa itabidi akatwe tena.

"Huyu hatakatwa tena," Aoko akasema.

"Basi kisiharibike," muuguzi akasema.

Aoko alikipakata kichupa ndani ya mkoba, na deli lake, sanduku la sato na barafu, likaingia kwenye buti la basi. Walipoipita Bunda, abiria wa kiti cha mbele akaanza kugeuka. Kifuniko kilikuwa kinavuja. Harufu kali, ya kuchoma pua, ilipanda kutoka kwenye mkoba, na Aoko akaitambua mara moja. Ilikuwa harufu ya chumba cha maiti, siku walipokwenda kumchukua Oyoo.

Tena aliijua kwa sababu ya pili. Kila muuza samaki wa Mwanza amewahi kusikia uvumi wa wafanyabiashara wanaonyunyizia samaki dawa ya maiti ili wasioze, na Aoko alikuwa amegombana na watu wawili sokoni kwa ajili ya uvumi huo, mmoja aliyemtuhumu yeye na mwingine ambaye yeye ndiye aliyemtuhumu. Kwa hiyo aliijua dawa hiyo kama kitu cha watu wa aina mbili, wafu na wezi. Na Odoyo hakuwa mmoja wao. Odoyo alikuwa kitandani, anakunywa uji, analalamikia chumvi.

Basi liliposimama Lamadi alishuka, akaenda nyuma ya vibanda vya chakula, akaimwaga dawa yote. Akakisuuza kipande kwa maji ya chupa, akakifunga kwenye nailoni safi, akamwomba utingo afungue buti. Nyama ikitaka kukaa vizuri inakaa kwenye barafu. Alichimba nafasi nzuri katikati ya deli, mbali na vichwa vya sato, akakilaza.

Alipofika stendi ya Buzuruga hakupitia sokoni. Alikwenda moja kwa moja maabara ya hospitali, akaliweka deli juu ya kaunta na kulifunua. Muuguzi aliyekuwa akipita aliuliza kama sato ni wa leo. Mwingine akasogea kuchagua. Aoko aliwaambia wangoje kwanza, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa nailoni, akaiweka mbele ya fundi wa maabara, kijana mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo aitwaye Ngosha.

"Mama, hiki ni nini?"

"Shemeji yangu."

Ngosha aliitazama nailoni, akamtazama Aoko, akamtazama sato aliye juu kabisa. Akauliza dawa iko wapi. Aoko akamjibu kwamba ameimwaga Lamadi, na kama anataka kujua kwa nini, yeye si mtu wa kumweka ndugu aliye hai kwenye dawa ya maiti. Ngosha akaketi. Kwa sauti yake ndogo akamweleza kwamba dawa ni ileile, ndiyo, lakini kazi yake ni kuzuia nyama isijioze yenyewe kwa ndani, maana kipande kikishatoka mwilini kinaanza kujila. Kisichokaa kwenye dawa kinaweza kufika maabara kikiwa hakisomeki tena.

Aoko akalifunika deli.

Aliitwa daktari mwenye kitengo, mama mmoja mfupi aitwaye Kashindye, ambaye hakukasirika, na kwa Aoko hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza kipande kilikatwa lini. Kilikatwa jana asubuhi. Dawa ikamwagwa lini? Leo mchana. Daktari Kashindye akakigeuza kwa koleo ndogo chini ya taa.

"Ni kidogo, na dawa ilikuwa na usiku mzima wa kuingia," akasema. "Barafu nayo si adui. Huenda kimepona, mama. Lakini sitakudanganya, sijui bado."

Wakakirudisha kwenye dawa. Siku zilizofuata Aoko aliuza samaki kimya. Wateja waliminya matumbo ya sato wanavyotaka bila kuulizwa lolote, na baadhi yao waliondoka bila kununua kwa sababu walihisi kuna kasoro. Odoyo alipiga simu kuuliza kama kipande chake kimefika salama.

"Umefika," Aoko akamwambia. "Ulisafiri vizuri, ulilala na sato."

Odoyo alicheka hadi Ajwang akamnyang'anya simu kwa ajili ya mshono.

Maabara ilipompigia, Aoko alikwenda na aproni yake ya sokoni. Kipande kilisomeka. Alishukuru kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili, kisha akaona Daktari Kashindye hajamaliza. Ni saratani ya mfereji wa nyongo. Halafu daktari akaomba ruhusa. Yeye, akasema, anafanya utafiti wa jinsi saratani hii inavyopenya kutoka mahali ilipozaliwa, na angependa baki la kipande litumike, kama mwenyewe ataridhia. Walimpigia Odoyo palepale. Odoyo akasema kilichokwisha kukatwa si chake tena, wakitumie hata kwa mboga.

Baada ya siku chache daktari akamwonyesha Aoko alichokiona. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na vyumba vidogo vidogo vingi, na kila kimoja kimezungushiwa mstari wa rangi ya kahawia. Aoko akasema ni kama magamba ya sato, kila moja na ukingo wake.

Daktari akakubali. Kila gamba ni seli moja, akamweleza, na ukuta wa mfereji wa nyongo umejengwa kwa seli hizo zikiwa zimekaa pamoja, zimeshikana. Kinachozishikanisha ni protini zinazotokeza nje ya seli kama mikono. Mmojawapo wa mikono hiyo huitwa kadherini, nao ndio walioupaka rangi ya kahawia. Saratani inapotaka kutembea, mara nyingi huanza kwa kuachia mkono huo. Kisha seli hutokeza mikono ya namna nyingine, isiyo ya kushikana na jirani. Hiyo ni ya kushikia njia, ili ijivute kufuata neva na mishipa mpaka mahali pengine.

Akasogeza picha hadi pembeni. Huko rangi ilikuwa imefifia. Seli mbili tatu zilikuwa zimesimama peke yazo, bila ukingo, mbali na nyingine.

"Hizi zimeachia?" Aoko akauliza.

"Zimeanza kuachia. Nyingi bado zimeshikana." Daktari akazima kioo. "Hii si ramli, mama. Siwezi kutazama rangi nikakuambia mtu ataishi au atakufa, utafiti wenyewe bado mchanga. Kama atapasuliwa au la, vipimo vya picha na madaktari wa upasuaji ndio wataamua. Ninachoweza kusema ni kwamba asingojee."

Madaktari wa upasuaji nao walisema hivyohivyo: aje Mwanza apigwe picha, na uvimbe ukionekana bado umekaa mahali pamoja, mfereji ule ukatwe uondolewe. Ajwang akapeleka habari kwa mumewe. Odoyo akajibu kwamba alishasema mbele ya wazee. Ajwang akampigia Aoko simu, na Aoko hakungoja siku ya mzigo.

Alimkuta Odoyo nje ya nyumba, amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Manjano yalikuwa yamepungua, mashavu nayo yamepungua. Ajwang alikuwa pembeni anachambua mboga.

"Umetumwa," Odoyo akasema kabla mgeni hajakaa.

"Nimejituma. Kipande chako kinakusalimu."

Akamweleza. Alisema ndani ya mfereji wake kuna watu wamekaa kwenye mstari, wameshikana mikono, na watu hao ndio seli zake. Wengi, ingawa ni wagonjwa, bado wana adabu ya kushikana. Ila pembeni kuna wawili watatu wameachia.

"Wamebeba makoti yao, Odoyo. Wanatafuta nyumba ya mtu."

Ajwang akainama zaidi kwenye mboga.

"Nyumba ya nani?" Odoyo akauliza.

"Popote watakapokuta mlango. Na koti la hao halifuliwi likarudishwa. Likishatundikwa, limetundikwa."

Odoyo akasema alishawapa kipande, na kimoja kinatosha. Hapo Aoko akavua kanga ya kichwa, akaikunja magotini, na akamweleza habari za Lamadi. Hakuacha kitu. Alimwambia kwamba ile ya kulala na sato haikuwa utani, na kwamba kidogo tu angekiharibu kipande pekee walichokuwa nacho.

"Kwa nini uliimwaga?"

"Walikuweka kwenye harufu ya Oyoo," Aoko akasema. "Nikaona huyu bado."

Odoyo alitazama upande wa ziwa kwa muda. Ajwang aliacha kuchambua. Mtu yeyote angedhani ameshakubali, lakini Odoyo alikohoa, akasema kwa upole kwamba anamshukuru shemeji yake, na kwamba neno alilolitamka mbele ya wazee bado ni neno.

Aoko akajifunga kanga yake upya. Alipomaliza alikuwa na uso ule wa Mirongo.

"Sawa, tumekuelewa," akasema. Akamgeukia Ajwang. "Mke mwenzangu, umeshaongea na Zadok?"

Wanawake hao wawili hawakuwa wamepanga lolote. Ajwang alichukua jani moja la mboga, akaligeuza upande huu na ule, akalitupa kwenye sufuria.

"Bado," akasema. "Ila juzi alipita, akauliza kama paa letu linavuja."

"Zadok yupi?" Odoyo akauliza.

Alijua ni yupi. Zadok alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, na kwa mpangilio wa ukoo ndiye aliyemfuata. Alikuwa mtu mwema asiyeweza kushika kitu bila kukivunja. Aliazima redio ya Odoyo, na iliporudi ilikuwa kimya. Toroli lilirudi bila gurudumu, na Zadok mwenyewe alilibeba kichwani, akiomba radhi njia nzima.

"Wazee wakikaa wataanzia kwa nani kama si kwake?" Aoko akasema.

"Mchungaji amekataza mambo hayo."

"Alikuwa amekataza hata ulipokuja kwangu."

Ajwang akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba Zadok si mbaya sana, ukimzoea. Anakula kwa kelele, lakini nyumba isiyo na kelele nayo inachosha.

Odoyo alitazama mlango wa nyumba yake. Akatazama toroli, ambalo alilitengeneza upya kwa mikono yake. Kisha akashika mikono ya kiti alichokalia.

"Na kiti hiki?"

"Si atakikalia," Aoko akasema. "Unataka mgeni akae chini?"

"Yule huegemea nyuma," Odoyo akasema polepole. "Huegemea nyuma mpaka miguu ya mbele inaning'inia."

Ajwang alirudi kwenye mboga zake.

"Hicho kisu cha Mwanza," Odoyo akasema, "wanakinoa vizuri?"

Alikwenda kwa wazee mwenyewe, kwa miguu, kwa mwendo wa mtu mwenye mshono, akawaambia amebadili neno. Hawakumuuliza sababu. Zadok alikuwepo, na watu walishangaa kwamba Odoyo alizungumza muda wote akimkazia macho yeye.

Picha zilionyesha uvimbe umekaa mahali pamoja. Madaktari walikikata kile kipande cha mfereji kwa urefu wake, wakaiunganishia nyongo njia mpya kwenye utumbo. Daktari Kashindye alizisoma kingo za kilichotolewa, akamwita Aoko, akamwambia kingoni hakuona seli ya saratani, seli zilizopo zimekaa na kushikana inavyotakiwa. Aoko akauliza kama basi amepona. Daktari akasema atarudi kupimwa, tena na tena, na kwamba leo habari ni nzuri. Aoko akauliza tena kwa namna nyingine. Daktari akampa jibu lilelile, akamwekea mkono begani.

Wodini, Odoyo alikuwa ameanza kukaa kitandani alipoingia Zadok, shati limepigwa pasi, chupa ya uji mkononi. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Aliweka chupa juu ya kabati akakiangusha kikombe, akakiokota, akaomba radhi. Ajwang alikuwa ametoka kuchota maji ya moto. Aoko alikuwa kwenye benchi karibu na dirisha, anamenya chungwa.

Odoyo alimwacha akae.

"Zadok, niambie kweli. Ningekufa, ungemchukua Ajwang?"

Zadok aligeuka kutazama mlango, akasogeza kiti karibu, akainamisha sauti.

"Kaka, yule mama namwogopa tangu siku ya harusi yenu. Siku ile nilipita kwako kuuliza habari za paa tu, nikashindwa hata kungoja jibu. Tafadhali uishi."

Odoyo akageuza kichwa kwenye mto kumtafuta Aoko. Aoko alikuwa ameinama juu ya chungwa lake, analitoa nyuzi moja moja, kwa makini ambayo chungwa halikuwahi kupewa. Kicheko kikampanda Odoyo kutoka chini, kikagonga mshono. Akashika tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yakamtoka, anacheka na kuugulia kwa pumzi ileile, mpaka muuguzi akaja mbio kutoka mwisho wa wodi na kuwafukuza wageni wote, akisema mgonjwa wao hajaruhusiwa kucheka.

Kwenye korido Zadok alimuuliza Aoko amesema nini kibaya. Aoko akamwambia hakuna, akampa nusu ya chungwa. Ajwang alikuwa anakuja na maji ya moto, na Zadok, alipomwona, akasimama ukutani kumpisha.